Kugomboa Mzigo wa Ndege: Ada za Forodha kutoka Gihosha hadi Uwanja wa Bujumbura

Mzigo ulioingia Burundi kwa ndege haufiki mkononi mwa mwenyewe kwa sababu tu umetua. Hukaa ghalani uwanjani mpaka ugombolewe. Kugomboa ni neno la rehani na la mateka, na wasemaji wa Kiswahili hawakukosea kulipeleka forodhani, kwa kuwa huko nako kitu ni chako lakini kiko mkononi mwa mwingine mpaka ulipe. Malipo yenyewe ni ya namna mbili. Kuna kodi, yaani ushuru wa forodha, kodi ya ongezeko la thamani na tozo nyingine zinazokwenda hazina ya taifa. Kuna na ada, yaani gharama za kuhifadhi na kuhamisha mzigo, za kupata hati kutoka kwa shirika la ndege, na ujira wa wakala. Mkazi wa Gihosha aliyetumiwa kompyuta na nduguye wa Brussels akiulizwa amelipa nini, hutaja jumla moja na kuiita duane, kwa Kifaransa kilichokwisha kuzoeleka mjini. Ndani ya jumla hiyo mna tabaka za nyakati mbalimbali, nyingine za karne iliyopita, nyingine za juzi tu.

Gihosha iko kaskazini-mashariki mwa Bujumbura, pale mji unapoacha tambarare na kuanza kupanda vilima. Ilikuwa mojawapo ya wilaya 13 za jiji, pamoja na Buyenzi, Bwiza, Kamenge, Rohero na nyinginezo, hadi mpango wa 2014 ulipozikusanya zote katika wilaya tatu. Tangu hapo Gihosha ni tarafa ndani ya Ntahangwa, mojawapo ya hizo tatu. Uwanja wa ndege uko upande wa pili, kaskazini-magharibi, kwenye uwanda wa Rusizi, kando ya njia iendayo Gatumba na mpaka wa Kongo. Kwa hiyo anayefuata mzigo wake hushuka kutoka vilimani, akaukata mji, akatokea bondeni. Ni safari fupi kwa gari, lakini ni nadra kuifanya mara moja tu.

Maneno ya kazi hii yalizaliwa pwani kabla ya kufika Ziwa Tanganyika. Forodha linatokana na neno la Kiarabu la mahali pa kushushia shehena, na Forodhani ya Unguja ingali na jina hilo. Ushuru linatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya fungu la kumi. Kwa vitendo, katika karne ya 19 Sultani wa Zanzibar alitoza nusu ya hapo: mkataba wake na Marekani wa 1833 uliweka ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa zinazoingia, na kazi ya kuukusanya ilikodishwa kwa matajiri wa Kihindi, mashuhuri kati yao wakiwa wa nyumba ya Jairam Shivji. Nguo za merikani na shanga zilizofika Ujiji, bandari ya ziwa hilo, zilikuwa zimekwisha kulipiwa huko pwani. Njiani zililipiwa tena, si kwa ushuru bali kwa hongo, yaani malipo ambayo kila mtemi alidai ili msafara upite katika nchi yake. Siku hizi neno hilo lina maana chafu ya rushwa, ila wakati ule lilikuwa malipo ya wazi, yaliyojadiliwa kwa siku nzima mbele ya mashahidi. Mfanyabiashara alijua kuwa bei ya doti moja Ujiji ina ndani yake vituo vyote vya nyuma.

Burundi yenyewe ilikaa kando ya biashara hiyo kwa muda mrefu. Mwami Mwezi Gisabo aliwazuia wafanyabiashara wa Ujiji wasiingie milimani, na walioishi kwa biashara hiyo walibaki mwambao wa ziwa. Hata walowezi Waswahili waliofanya makazi Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa wakati huo, ambao vizazi vyao vingali Buyenzi, walikuja kwa wingi baada ya Wajerumani kujenga kituo chao cha kijeshi mwishoni mwa karne ya 19.

Kanuni za ushuru zilitoka mbali zaidi. Mkataba wa Berlin wa 1885 ulilitangaza bonde la Kongo, kwa maana pana iliyofika hadi Bahari ya Hindi na kuijumuisha Burundi, kuwa eneo la biashara huria, na ukakataza ushuru wa kuingiza bidhaa kwa miaka 20. Ilipita miaka mitano na miezi michache tu, wakubwa wakabadili nia: huko Brussels, mwaka 1890, waliruhusu ushuru usiozidi asilimia 10 ya thamani. Bila kukusudia, walirudi palepale kwenye maana ya asili ya neno la Kiswahili.

Wabelgiji waliiteka Usumbura mwaka 1916 na kupewa Ruanda-Urundi na Shirikisho la Mataifa. Tatizo lao lilikuwa moja: eneo hilo halikuwa na bandari ya bahari. Mapatano na Uingereza ya tarehe 15 Machi 1921 yaliwapa maeneo ya kupakulia Dar es Salaam na Kigoma, yaliyoitwa Belbase, kwa kodi ya pango ya faranga moja kwa mwaka. Shehena ya Usumbura ilipita Tanganyika kwa reli bila kutozwa ushuru wa Waingereza, ikavuka ziwa kwa meli, ikalipiwa bandarini Usumbura. Sheria ya 1925 iliyoliunganisha eneo hilo na Kongo ya Wabelgiji kiutawala ndiyo iliyofanya forodha ya Usumbura iwe tawi la mfumo mkubwa wenye makao Léopoldville. Fomu zilikuwa za Kifaransa, na Kifaransa hakijatoka katika karatasi za forodha za Burundi hadi leo.

Ndege iliingia katika mfumo huu polepole. Sabena ilianzishwa mwaka 1923. Edmond Thieffry alitumia siku 51 mwaka 1925 kuruka kutoka Brussels hadi Léopoldville. Safari za kawaida kati ya miji hiyo zilianza mwaka 1935. Uwanja wa ndege wa Usumbura ulifunguliwa mwaka 1952. Kilichopakiwa katika ndege za wakati huo kilikuwa kile kisichoweza kungoja meli: barua, dawa, vipuri, magazeti. Saruji, mabati, chumvi na magari viliendelea kupita Kigoma. Mgawanyo huo haujabadilika sana mpaka sasa, isipokuwa simu na nguo zimejiunga na upande wa ndege.

Wakati uwanja unafunguliwa, sheria ya mzigo wa angani ilikuwa tayari imeandikwa. Mkataba wa Warsaw wa 1929 ulianzisha hati ya kusafirishia mzigo kwa ndege, ambayo Bujumbura hujulikana kwa herufi zake za Kifaransa, LTA. Hati hii inatofautiana na hati ya meli kwa jambo linalogusa mfuko wa mpokeaji. Hati ya meli ya kawaida ni kama ufunguo wa mali: anayeishika ndiye anayeichukua shehena. LTA haina nguvu hiyo. Ni ushahidi tu wa mapatano ya usafirishaji, na mzigo hutolewa kwa aliyeandikwa jina. Kwa hiyo jina likiandikwa vibaya huko ulikotoka, au likiandikwa la mpwa badala ya la mjomba, mzigo hukwama hata kama mwenyewe amesimama kaunta na kitambulisho mkononi, na kusahihisha hati nako kuna ada yake. Mkataba wa Chicago wa 1944 ulihusu ndege zenyewe: kifungu cha 24 kinasamehe ushuru wa mafuta yaliyo ndani ya ndege inayoingia, vilainishi vyake na vipuri vyake. Ndege haitozwi kwa kuingia na mafuta yake. Anayetozwa ni mwenye mzigo.

Uhuru ulikuja tarehe 1 Julai 1962, na Usumbura ikaitwa Bujumbura. Kwa muda wa zaidi ya mwaka mmoja Burundi na Rwanda zilibaki na faranga moja na forodha moja. Muungano huo ulivunjika, na mwaka 1964 Burundi ilianza kutumia faranga yake na benki kuu yake. Tangu hapo kugomboa mzigo kulikuwa na mlango wa pili, yaani benki. Aliyetaka kuagiza bidhaa alihitaji leseni na fedha za kigeni, na katika nchi iliyotegemea kahawa kwa sehemu kubwa ya mapato yake ya nje, fedha hizo zilikuja na kuondoka na msimu wa mavuno. Aliyekosa kibali hakufika hata hatua ya kudaiwa ushuru.

Uwanjani kulijengeka mgawanyo wa kazi ambao ndio mzizi wa ada nyingi za leo. Forodha ilikadiria na kutoza. Shirika la ndege lilileta mzigo na hati. Kazi ya kuupokea, kuuweka ghalani na kuuhudumia iliwekwa mikononi mwa SOBUGEA, kampuni ya Burundi ambayo jina lake refu la Kifaransa linataja mambo mawili, usimamizi wa maghala na huduma kwa ndege zinazotua. Na kwa kuwa mtu wa kawaida hajui kuandika tamko la forodha, akaingia wa nne, wakala, anayeitwa mjini deklaranti. Kila mmoja kati ya hawa wanne ana risiti yake. Msafara wa zamani ulilipa vituo kumi katika miezi mitatu. Mzigo wa ndege huruka juu ya vituo vyote, kisha hukuta vinne vikiusubiri katika jengo moja.

Miaka hiyohiyo mji ulikuwa ukipanda mlima. Gihosha ikajaa nyumba za watumishi wa serikali, wahadhiri, wafanyakazi wa mashirika na wageni, na mtaa wa Kigobe ukawa na jumba la mikutano linalotumiwa na Bunge. Ni watu wa namna hiyo wanaopokea vitu kwa ndege: kitabu, kifaa cha maabara, sanduku la mtoto anayerudi kutoka masomoni. Wageni wengi wana misamaha, na misamaha imezaa imani potofu kwamba mwanadiplomasia halipi kitu. Mkataba wa Vienna wa 1961, katika kifungu cha 36, unamwondolea ushuru na kodi zote zinazohusiana na uingizaji, lakini unabakisha waziwazi gharama za kuhifadhi, kubeba na huduma za namna hiyo. Balozi na mwalimu wa shule ya msingi hukutana kwenye dirisha moja, lile la ghala.

Vita vilivyofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mnamo Oktoba 1993 viliivuruga biashara yote. Baada ya mapinduzi ya Julai 1996 yaliyomrudisha Pierre Buyoya madarakani, nchi jirani zilikutana Arusha na kuiwekea Burundi vikwazo, vilivyodumu hadi Januari 1999. Njia za Dar es Salaam na Mombasa zilifungwa rasmi, na ndege za majirani zikaacha kuja. Bidhaa hazikukoma, ila zilipita mlango wa nyuma, na bei ilipanda kwa kila mkono uliozishika. Tarehe 4 Desemba 2000 ndege ya Sabena aina ya Airbus A330 ilipigwa risasi ikikaribia kutua Bujumbura, watu wawili wakajeruhiwa, na shirika hilo likasimamisha safari zake. Halikurudi: Sabena yenyewe ilifilisika Novemba 2001. Kwa mkazi wa Bujumbura huo ulikuwa mwisho wa zama ambazo mzigo wa Ulaya ulitoka Brussels na kuja kwa shirika moja lililofahamika tangu ukoloni. Baadaye mizigo ilianza kuja zaidi kupitia Addis Ababa na Nairobi, hivyo ikawa na hati mbili, mizani mbili na nafasi mbili za kupotea.

Msingi wa mfumo unaotumika leo uliwekwa kwa miaka mitatu tu, 2007 hadi 2010, na ni nadra kuona nchi ikibadilisha forodha yake yote kwa haraka namna hiyo. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007. Miaka miwili baadaye ilianza kutumia ushuru wa pamoja wa Jumuiya wenye ngazi tatu: asilimia 0 kwa malighafi na mitambo, 10 kwa bidhaa za kati, na 25 kwa bidhaa zilizo tayari kutumika. Mwezi huohuo wa Julai 2009 kodi ya ongezeko la thamani, kwa kiwango cha asilimia 18, ilichukua nafasi ya kodi ya zamani ya mauzo. Mwezi huohuo pia ilitungwa sheria ya kuunda Mamlaka ya Mapato, Office Burundais des Recettes, ambayo kila mtu huiita OBR. Ilianza kazi mwaka 2010 kwa msaada wa Uingereza, na kamishna mkuu wake wa kwanza alikuwa mgeni, Kieran Holmes. Idara ya zamani ya forodha ilivunjwa, na waliokuwa watumishi wake wakatakiwa kuomba kazi upya. Fedha zikawa zinalipwa benki, si mkononi mwa ofisa.

Pamoja na ushuru wa pamoja ikaja Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004, na ndani yake mna kanuni moja ambayo wengi wanaolipa hawaijui. Ushuru hutozwa juu ya thamani ya bidhaa, na thamani hiyo huanzia kwenye bei iliyolipwa kweli. Ndivyo ilivyokubaliwa duniani tangu mapatano ya GATT ya 1979, yaliyoachana na utaratibu wa zamani wa Brussels wa kukisia bei ya kawaida sokoni. Lakini mapatano hayo yaliacha jambo moja kwa hiari ya kila nchi: nauli ya kufikisha bidhaa ijumlishwe au isijumlishwe? Jumuiya ya Afrika Mashariki ilijibu kwa njia mbili. Kwa mzigo wa meli na wa barabara, nauli hadi mahali pa kuingilia hujumlishwa. Kwa mzigo wa ndege, haijumlishwi.

Sababu yake si ngumu kuiona. Nauli ya ndege hupimwa kwa kilo na huweza kukaribia bei ya kitu chenyewe. Nauli hiyo ikiingizwa katika thamani, mwenye hospitali aliyeharakisha kipuri cha mashine angetozwa kwa haraka yake, wakati mwenye duka aliyesubiri meli miezi miwili angelipa kidogo. Tuseme kipuri kina bei ya dola 200, bima dola 2, nauli ya ndege dola 80, nacho kiko katika ngazi ya asilimia 10. Thamani ya forodha ni dola 202. Ushuru ni dola 20.20. Kodi ya ongezeko la thamani haihesabiwi juu ya bei peke yake bali juu ya thamani iliyokwisha kuongezwa ushuru, yaani 222.20, hivyo ni karibu dola 40. Jumla ni dola 60. Kama nauli ingeingizwa, jumla ingefika dola 84. Kanuni ya mstari mmoja imemwachia mwenye kipuri dola 24. Hesabu hiyo inaonyesha jambo jingine linalosahaulika: katika dola 60, theluthi mbili si ushuru wa forodha bali kodi ya ongezeko la thamani. Hata kompyuta, ambayo ushuru wake wa pamoja ni asilimia 0, haitoki forodhani bure kwa ajili hiyo tu.

Ili faida hiyo ipatikane, ankara lazima iandike bei ya bidhaa na nauli katika mistari tofauti. Muuzaji wa mbali anayeandika tarakimu moja ya jumla, akidhani anarahisisha, humwondolea mteja wake haki hiyo, kwani forodha haiwezi kupunguza isichokiona. Ankara inayosema zawadi, thamani sifuri, ni mbaya zaidi. Ofisa akikosa bei ya kuaminika hurejea bei za bidhaa zinazofanana, na makadirio hayo ni nadra kumpendelea mpokeaji.

Tamko lenyewe huingizwa katika Sydonia, programu ya forodha iliyobuniwa na shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, UNCTAD, mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa ombi la nchi za Afrika Magharibi, na sasa hutumika katika nchi nyingi duniani. Wakala huandika namba ya mlipakodi, NIF, namba ya LTA, namba ya bidhaa katika orodha ya kimataifa, uzito na thamani. Programu huupa mzigo rangi. Kijani hupita. Njano hukaguliwa karatasi. Nyekundu hufunguliwa sanduku. Buluu hupita, lakini ofisa anaweza kuzirudia karatasi zake baadaye. Kabla ya hapo, rangi ya mzigo ilikuwa usoni mwa ofisa.

Upande wa kodi, basi, umenyooka kuliko zamani. Upande wa ada ndio uliobaki mzito kwa wadogo, kwa sababu kodi ni asilimia, nayo hupungua mzigo ukiwa mdogo, ilhali ada nyingi hutozwa kwa hati. LTA moja ni tamko moja, ni wakala mmoja, ni kufungua faili moja. Mfanyabiashara wa Buyenzi anayeleta maboksi 40 ya viatu kutoka Dubai chini ya hati moja huzigawanya ada hizo kwa jozi elfu kadhaa, hazionekani. Mama wa Gihosha anayepokea boksi moja la dawa za lishe na nguo za mtoto huzibeba peke yake, na si ajabu akakuta ada zimezidi kodi. Shirika la Biashara Duniani, ambalo Burundi ni mwanachama wake tangu Julai 1995, lilirithi kutoka GATT kifungu cha 8 kinachosema ada za forodha zisizidi takriban gharama ya huduma iliyotolewa. Kifungu hicho kinaizungumzia serikali. Ghala, shirika la ndege na wakala hawamo.

Kisha kuna mizani. Boksi lenye urefu wa sentimita 60, upana 50 na kimo 40 likijazwa taulo na midoli linaweza kuwa na kilo 9 tu. Mashirika ya ndege hugawanya ujazo wake, sentimita za ujazo 120,000, kwa 6,000, na kupata kilo 20. Kinacholipiwa ni kilichozidi kati ya uzito halisi na huo wa hesabu, maana ndege hujaa nafasi kabla ya kujaa uzito. Kampuni za vifurushi vya haraka kwa kawaida hugawanya kwa 5,000, na boksi lilelile huwa kilo 24. Wakala aliyekaa kazini miaka mingi hutazama boksi kabla ya kutazama hati, na akiona limetuna pembeni hutikisa kichwa.

Kampuni hizo za haraka zina asili inayofaa kukumbukwa hapa. DHL, iliyoanzishwa mwaka 1969, haikuanza kwa kubeba bidhaa. Ilibeba hati za meli kwa ndege kutoka San Francisco hadi Honolulu, ili forodha ianze kazi kabla meli haijafika. Wazo hilo, kwamba karatasi iende mbele na mzigo ufuate, liliingia katika mapatano ya Shirika la Biashara Duniani ya kurahisisha biashara, yaliyoanza kutumika Februari 2017, ambayo yana sehemu mahususi kwa mizigo ya haraka inayopita katika maghala ya ndege. Kwa mpokeaji wa Bujumbura maana yake ni rahisi: ankara na LTA zikimfikia wakala kwa simu siku ndege inapoondoka Addis Ababa, tamko huweza kuwa tayari kabla ya kutua. Zikisubiriwa ndani ya boksi lenyewe, saa ya ghala imekwisha kuanza kuhesabu.

Uwanja ulipewa jina la Melchior Ndadaye tarehe 1 Julai 2019. Mwaka uliofuata ulinyamaza: safari za abiria zilisitishwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, zikarudi Novemba 8. Ndege za mizigo ziliruhusiwa, lakini sehemu kubwa ya mizigo midogo ya Bujumbura hubebwa tumboni mwa ndege za abiria, na tumbo hilo lilikosekana kwa miezi saba na zaidi. Julai 2022 Jumuiya iliongeza ngazi ya nne ya ushuru, asilimia 35, kwa bidhaa zilizo tayari ambazo inataka zitengenezwe ndani, kama nguo, samani na vyakula kadhaa.

Badiliko lililogusa watu wengi zaidi halikutoka forodhani. Thamani iliyoandikwa kwa dola hugeuzwa faranga kwa kiwango rasmi cha benki kuu. Kwa miaka mingi kiwango hicho kilikuwa chini sana ya bei ya dola mtaani, na waagizaji walilipa kodi kwa dola ya bei rahisi hata pale walipoinunua dola yenyewe kwa bei ghali. Mwanzoni mwa Mei 2023 benki kuu ilishusha faranga, na dola moja ikatoka karibu faranga 2,100 hadi karibu 2,800. Kipuri kile cha mfano, chenye kodi ya dola 60, kilidaiwa faranga 126,000 mwezi Aprili na 168,000 mwezi Mei. Ngazi ya ushuru haikusogea, bei kiwandani haikusogea, wala hakuna kifungu kilichoandikwa upya.

Mzigo usiogombolewa nao una sheria yake. Mwenyewe hupewa siku 21 za kuwasilisha tamko. Zikipita, mzigo huweza kuhamishiwa ghala la forodha, hutolewa tangazo, na baada ya muda wa tangazo huhesabiwa kuwa umetelekezwa na kuuzwa kwa mnada wa hadhara. Fedha ya mnada hulipa kwanza kodi, kisha gharama za mnada na za ghala, kisha nauli kama inadaiwa. Kikibaki kitu, ni cha mwenye mzigo, akikidai kwa wakati. Vinavyofika mnadani mara nyingi si vya thamani kubwa: ni maboksi yaliyotumwa kwa upendo na ndugu wa mbali, ambayo mpokeaji, baada ya kupiga hesabu ya ghala, wakala na kodi, aliona ni nafuu kununua kitu kilekile sokoni na kuliacha boksi palepale.